Bwana Kiko Hakuwa Mtani Wako

Mpendwa mtani wangu Kondo,

Naandika nikiwa nimeegemea mito mitatu, kwa sababu nikilala chali pumzi inakataa kupanda. Kila siku naandika mistari michache, mkono unachoka, naacha. Najua ungesema nini ungeniona hivi: "Mnyamwezi kabeba mizigo ya watu kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, leo kalamu inamshinda!" Cheka, una haki. Nimepita miaka tisini na hakuna aliyebaki duniani wa kunitukana.

Barua hii itasomwa na wengine pia, maana bintiyo Mwajuma ndivyo alivyotaka. Hao wengine huenda hawajui kwamba zamani Mzaramo kama wewe na Mnyamwezi kama mimi hatukuhitaji kujuana ili tutukanane. Utani tulirithi. Babu zako waliwapokea babu zangu pwani na mizigo yao mabegani, wakachekana, na tangu hapo kabila lako na langu yakawa na ruhusa ya kusemana lolote bila mtu kukasirika. Na kwa sababu mliruhusiwa kutuudhi, mlilazimika pia kutuzika. Nitafika huko.

Unakumbuka siku niliyoingia kiwanda cha mbao pale Chang'ombe? Nilikuwa nimeshuka treni ya Tabora juzi yake, nina cheti cha shule, kalamu ya wino na viatu vilivyonibana. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha na Waingereza walitaka makarani. Wewe ulikuwa umekaa juu ya gogo la mvule, kulabu begani, jasho linakutoka. Ukaniangalia kuanzia tai mpaka viatu.

"Nani kamfungulia huyu mpagazi?" ukawauliza wenzako. "We mla michembe ya viazi, mzigo wako umeuacha wapi?"

"Nimeutua nje," nikakujibu. "Nimekuja kuhakikisha kama kweli Wazaramo mnafanya kazi. Kwetu tunaambiwa mnakaa chini ya mnazi mpaka nazi ianguke yenyewe."

"Na ikianguka?"

"Mnapiga ngoma siku saba kuipokea."

Ulicheka mpaka ukateremka kwenye gogo. Kisha ukaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza katika mji ule: "Umekula?" Jioni ukanichukua kwako Temeke, na mkeo, Bi Mwanaidi, akanipakulia wali wa nazi huku akilalamika kwamba Mnyamwezi akishiba hageuki kurudi kwao. Kwa tusi moja nilipata nyumba ya kwenda kila Ijumaa.

Kazi yangu unaijua. Niliandika hesabu ya magogo, na nilikuwa kinywa cha msimamizi wetu, Mwingereza yule ambaye nyie mlimwita Bwana Kiko kwa sababu kiko chake hakikutoka mdomoni hata akipiga kelele. Kiswahili chake kilikuwa "lete" na "pesi pesi". Kilichobaki chote kilipita kwangu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa matusi.

Hayo ndiyo nataka kukueleza, mtani. Kiingereza nilichofundishwa shuleni kilikuwa cha barua na cha Biblia. Matusi tuliyaruka, na kamusi yangu nayo iliyaruka. Ilinibidi niyasome usoni mwake. Lilikuwepo lile bladi, ambalo alilitia katika kila sentensi kama mpishi asiyejua kipimo cha chumvi. Hilo nililizoea upesi, nikaliacha lipite bila kulitafsiri. Lakini yalikuwepo mengine. Neno la kumwita mtu mwanaharamu alilitamka kwa wepesi uleule, akitafuta kiberiti. Kwao, nilikuja kuelewa, mtu aweza kumwambia rafiki yake neno hilo wakiwa wanakunywa, wakaendelea kunywa. Kwenu ni kusema kwamba mama yako hakuolewa. Neno ni moja, mizani mbili. Nikajifunza kwamba tusi halitafsiriwi kwa kamusi. Kwanza unatazama mkono wa anayetukanwa umeshika nini.

Mikono yenu ilishika kulabu.

Siku ya kwanza ilikuwa ile ya gogo lililoteleza kwenye reli na kuvunja meno ya msumeno mkubwa. Bwana Kiko alikuja mbio, uso mwekundu, akasimama mbele yako na kusema maneno saba au manane. Niliyaelewa yote. Watu ishirini wakanigeukia.

"Anasemaje?" ukaniuliza.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Niliangalia kulabu yako, nikaangalia shingo ya yule Mzungu, nikaona damu, polisi, na mimi nikirudishwa Tabora.

"Anasema," nikaanza, "anasema nyie Wazaramo mnabeba gogo kama mnambeba mama mkwe mahututi. Mnamwonea huruma na huku mnaomba afe njiani."

Kicheko kilichotoka kilipandisha vumbi la mbao. Ukafuta jasho kwa kiganja, ukamwangalia Bwana Kiko kwa macho mapya.

"Ala! Kumbe Mzungu huyu ni mtani?"

Hapo ndipo ningeweza kusema hapana. Ilikuwa hatua moja tu ya kurudi nyuma. Nikasema, "Ndiyo. Huyu ni mtani."

Baada ya hapo ikawa rahisi, na nikiri, ikawa tamu. Kila tusi alilolitoa nililichongea utani wa ukubwa wake. Aliposema nyie ni nyani, nilisema anauliza kama msumeno mnaukata au mnaubembeleza. Aliposema mnanuka, nilisema anaomba mkipika papa nyumbani mumkaribishe, asinusie kwenye nguo tu. Watu walikuwa wakiningojea. Nilijiona fundi. Nilijiambia kwamba nimezuia damu, na ni kweli nilizuia, lakini usiniachie nijifiche hapo. Nilipenda pia kusikia mkicheka.

Wewe hukukubali kutaniwa bila kujibu.

"Mwambie," ulisema, "na yeye apunguze moshi. Akipita tunasogea pembeni, tunadhani garimoshi la Morogoro limepotea njia."

Nami nikamgeukia Bwana Kiko na kumwambia kwa Kiingereza safi, "Anasema wamesikia, bwana."

Bwana Kiko akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

"Umeona!" ukaniambia, ukinipiga bega. "Hakasiriki! Mtani kweli yule, tena wa tumboni."

Miaka miwili tuliishi hivyo. Wewe ulikuwa unaongea na mtu ambaye hakuwepo, na huyo mtu nilikuwa mimi. Kuna siku uliichukua kofia yake pale alipoitundika, ukaivaa, ukapita mbele ya wenzako umeweka kijiti mdomoni. Mtani huruhusiwa. Bwana Kiko alitoa maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kabla wala baada. Kwako nikasema, "Anasema imekukaa, ila kichwa chako fenesi, utaipanua, irudishe." Kwake nikasema ulikuwa unaikung'uta vumbi kwa heshima. Uliirudisha kwa mikono miwili, unacheka. Aliipokea akiangalia ndani yake kana kwamba kuna mdudu. Niliona, mtani. Wewe hukuona kwa sababu nilisimama katikati.

Kisha mke wa Bwana Kiko akafa.

Ilikuwa homa, siku nne tu. Kiwanda kikafungwa, na wewe ukaja kwangu asubuhi ya maziko umevaa kanzu.

"Mtani wetu kafiwa," ukasema. "Sie tufanyeje? Hao Wazungu wenzake wana watani kweli? Nani atamchekesha?"

"Wao hawana desturi hiyo, Kondo."

"Hawana, lakini yeye anayo. Miaka miwili anatutania, leo kafiwa sie tujifiche? Mtu akifiwa, mtani asitokee, si kama kalaaniwa? We Mnyamwezi huna haya kabisa."

Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda nafunga viatu. Kondo, sijapata kuwa karibu na ukweli kama nilivyokuwa asubuhi ile. Maneno yalikuwa mdomoni tayari: Yule mtu hajakutania hata siku moja. Anakutukana, na matusi yake ninayo yote. Nikainua kichwa nikauona uso wako, umejaa msiba wa mtu mwingine, msiba wa kweli, macho yameshaanza kulowa. Nikashindwa kukunyang'anya.

"Nenda katoe pole tu," nikasema. "Simama nyuma na watu."

Nilidhani watakuzuia langoni mwa makaburi. Ndilo lililokuwa tumaini langu lote, kwamba mlinzi atafanya kazi niliyoiogopa.

Hukuzuiwa. Ulikuja umejifunga kanga ya Bi Mwanaidi kiunoni, umejipaka unga usoni kama watani wafanyavyo, umeshika bua la mtama mdomoni badala ya kiko. Ulilia kuliko watu wote waliokuwepo. Wale Wazungu walisimama wamenyooka kama mihimili, hawatoi sauti, na wewe ulidhani wamekosa mtu wa kuwaanzia. Jeneza lilipofika, ukaruka ukaingia kaburini, ukalala chali, mikono kifuani.

"Hazikwi mtu hapa!" ukapiga kelele kutoka chini. "Mke mzuri namna hii, anataka kumfukia kama muhogo? Sitoki mpaka Bwana Kiko anipe jogoo!"

Kwetu, mtani akidai malipo namna hiyo, mfiwa hucheka. Hataki, lakini hucheka, kifua kinafunguka, na usiku ule anaweza kumeza tonge. Hiyo ndiyo zawadi uliyompelekea. Hujawahi kumpa mtu yeyote zawadi kubwa kuliko hiyo, nawe ulimpa aliyekuwa akikuita nguruwe.

Bwana Kiko alisimama ukingoni anakutazama. Hakupiga kelele. Kiko hakikuwepo mdomoni, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba midomo yake ilikuwa myembamba na inatetemeka. Akanigeukia mimi, akauliza polepole, "Anasemaje?"

Mtani, katika miaka miwili hakuwahi kuuliza hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza anataka kujua ulichosema. Nilikuwa na Kiingereza chote nilichohitaji. Ningemwambia: huyu ni rafiki yako, bwana, au anaamini hivyo, kwa sababu yangu, amekuja kukusaidia kulia, kwao hii ndiyo heshima ya juu kabisa. Labda angeelewa. Labda asingeelewa, lakini lingekuwa limesemwa.

Nikasema, "Sijui, bwana. Amelewa."

Wewe ambaye pombe hujaigusa tangu uzaliwe.

Askari wawili wakakutoa kwa kukuvuta kanga. Ulikuwa bado unacheka. Ulidhani nao wamo katika mchezo. "Taratibu, taratibu, jogoo kwanza!" Ulipoona marungu ndipo ukanitafuta kwa macho.

"Mtani, waambie!"

Niliangalia viatu vyangu. Havikunibana tena wakati ule. Vilikuwa vipya.

Mahakamani niliitwa kama shahidi. Wewe ulisimama pale, jicho moja limevimba, ukamwambia hakimu kwa utulivu: "Mheshimiwa, bwana huyu ni mtani wangu. Sikwenda kwa ubaya. Muulizeni karani, anajua kila kitu." Ili nawe usikie, hakimu akaniuliza kupitia mkalimani wake, mtu mzima mwenye sauti kavu aliyetafsiri neno kwa neno kama anayepanga matofali: je, Bwana huyu aliwahi kuwa na utani wowote na mshtakiwa?

Nikajibu, "Hapana."

Ona jambo hili, Kondo. Jibu lile lilikuwa kweli tupu. Kwa miaka miwili nilikudanganya kila siku na hukudhurika. Siku moja nikasema kweli, na kweli ile ikakufunga miezi sita.

Walipokuwa wanakupitisha mlangoni ulisimama mbele yangu. Hukuwa na hasira. Ulikuwa na uso wa mtu anayehesabu kitu kirefu kichwani na hesabu haikubali.

"Kwani," ukaniuliza, "siku zote zile alikuwa anasemaje?"

Nikakupisha. Askari akakuvuta.

Ulipotoka jela ulikuwa na kikohozi cha vumbi la mawe uliyopasua humo. Kiwandani hawakukupokea. Ukauza mkaa Temeke, kisha Gongo la Mboto, kisha Temeke tena, na kila ulipokwenda jina lilitangulia: yule mwehu aliyeingia kaburi la Mzungu, yule mlevi. Wachumba wawili wa Mwajuma walirudisha posa waliposikia ni mtoto wa nani. Hayo nilisikia. Kuja sikuja.

Mara moja tu tulikutana uso kwa uso, sokoni Temeke. Mimi nilikuwa nimepandishwa cheo, nimevaa suti ya kijivu. Wewe ulikuwa umeinama juu ya magunia. Nikafanya lile pekee nililojua, nikakutukana.

"We Mzaramo! Hujafa tu? Kaburi nalo limekukataa?"

Lilikuwa tusi baya kwa mtu mwingine, lakini kwetu lilikuwa mlango. Nilikuwa nabisha hodi. Ungejibu chochote, mpagazi, mla michembe, msaliti, ningepiga magoti palepale kwenye mkaa.

Ukanyooka taratibu, ukafuta mikono.

"Sijambo, bwana karani," ukasema. "Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Kwa adabu, kama unavyomsalimu mgeni. Nikasema wazima. Ukasema, tumshukuru Mungu. Ukarudi kwenye magunia yako. Nimezika mke, nimezika watoto wawili, na bado naamini kwamba msiba wangu mkubwa ulikuwa ile salamu.

Kifua kilikumaliza kabla ya bendera ya Mwingereza kushuka. Nilikuja mazikoni. Wanyamwezi wenzangu walikuwepo, na mmoja wao alikuambia ulipokuwa unateremshwa, "Nenda salama, huko nazi zinaanguka zenyewe," watu wakacheka na kulia pamoja, kama inavyotakiwa. Wakanitazama, maana walijua mimi ndiye mtani wako hasa. Walinisubiri. Nilikuwa nimesimama nyuma na watu, mahali pale nilipokuambia wewe usimame, na sikufungua mdomo.

Mwezi uliopita niliomba nipelekwe Temeke. Mwajuma ni bibi sasa, ana pua yako na ukali wa mama yake. Alinipa kiti, akanipa maji. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaandika hapa. Alisikiliza akichambua mchele, hakuinua macho.

"Tulijua baba hakuwa mlevi," akasema mwisho. "Mama alituapia. Tulichokuwa hatujui ni nani aliyesema."

"Ni mimi."

"Nimesikia." Akapeta ungo mara mbili. "Mpaka leo wajukuu na vitukuu wake hapa mtaani wanaitwa ukoo wa mwehu. Watoto wanarudi shule wanalia. Wewe unakuja kunong'ona ndani kwangu ili ufe vizuri?"

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Mie si mwanao. Baba aliaibishwa hadharani. Na wewe andika hadharani."

Ndiyo hii, Kondo. Wanaoisoma na wajue: Kondo wa Temeke hakuwa mlevi, hakuwa mwehu. Alikwenda kumzika mke wa mtani wake kwa sababu mimi, karani, nilimdanganya kwamba Mzungu yule ni mtani. Alifanya haki ya mfiwa kuliko wote waliokuwepo, mimi nikiwemo. Ikiwa kuna ukoo wenye aibu ya siku ile, ni wangu.

Na swali lako la mlangoni nalijibu leo. Siku ya gogo, alisema nyie ni wanaharamu wa nguruwe weusi, na kwamba msumeno ule una thamani kuliko nyote. Hivyo ndivyo alivyosema. Kama ningekutafsiria, ungempiga kwa kulabu, na labda ungenyongwa. Nimelipima hilo miaka sitini na zaidi. Sijui bado. Ninachojua ni kwamba matusi yalikuwa yako, yalitumwa kwako, na wewe ndiye uliyekuwa na haki ya kuamua uyafanye nini. Mimi niliamua kwa niaba yako, kisha bei ilipofika nikakuachia wewe.

Nilimwomba Mwajuma, nikifa, awaruhusu wajukuu zako waje. Ni watani wangu kwa haki. Waje waingie kaburini, walale, wakatae, wadai jogoo, waseme mpagazi huyu mzigo wake mzito, ardhi haiuwezi. Hakuniahidi. Alisema ataona. Nimeshukuru kwa hilo, sikustahili hata hilo.

Kwa hiyo limebaki ombi moja, nalileta kwako. Nikifika huko, huenda utakuwa umeketi mahali, kulabu begani. Utaniona kabla sijakuona. Tafadhali, usiniulize habari za nyumbani. Usiniitikie kwa adabu. Nitukane, Kondo. Tafuta tusi baya kuliko yote, nami safari hii nitalipokea lote, bila kulitafsiri.

Mtani wako,
mpagazi, mla michembe, aliyesema umelewa.